Mwaka Nyama Ilipoogopwa Chang'ombe

Chang'ombe yetu ya Dodoma imebeba ng'ombe ndani ya jina lake, lakini mwanzoni mwa 2007 nyama ilitutia hofu. Mama alisonga ugali wa uwele kwa mlenda wiki hata wiki. Jiko la nyama choma la jirani lilipoa kabisa. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaompata pia binadamu, ilikuwa imeingia na mvua kubwa na mbu wake.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi karibu na Naivasha, Kenya. Ini ndilo huharibika kwanza. Lakini kirusi hupanda hadi kichwani: panya wa maabara walionusurika na madhara ya ini hupooza siku kadhaa baadaye, ubongo ukiwa umevimba. Binadamu wengine hutokwa damu; wengine huchanganyikiwa, au hupoteza nuru ya macho. Mwaka ule wa 2007 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 300, karibu nusu wakafa, na Dodoma ndiyo iliyoumia zaidi.

Mfugaji mwenzangu, mimba zikiharibika zizini baada ya mvua kubwa, huenda ni homa hii; usichinje. Mwite bwana mifugo.