Mizani, Chamburo na Ujira: Bei ya Kito cha Sonara

Katika miji ya pwani ya Waswahili ya karne ya 19, mwanamke aliyetaka bangili kwa kawaida hakuikuta imeshatengenezwa. Alipeleka madini yake kwa sonara: riale za fedha, mkufu wa bibi yake uliokatika, au kipande cha dhahabu alichopewa kwenye harusi. Sonara aliyapima mbele ya macho yake, wakakubaliana umbo na uzito, kisha wakapatana ujira. Hesabu zilikuwa mbili, na kila moja ilikaa peke yake. Madini yalikuwa mali ya mteja tangu mwanzo hadi mwisho. Alicholipia ni mikono na siku za fundi. Mazoea hayo yanaeleza vizuri kwa nini kito kilichofuliwa kwa ajili ya mtu mmoja kina bei kubwa kuliko cha kiwandani chenye uzito uleule. Kiwanda hakina njia ya kupunguza bei ya dhahabu. Kinachopunguza ni ujira, kwa kuugawa juu ya maelfu ya vipande, hata mnunuzi asiuone tena.

Historia ya vito vya pwani ni ndefu kuliko vito vyenyewe vilivyobaki. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kwa karne kadhaa, na ndiyo iliyoujengea mji huo utajiri ambao Ibn Battuta aliukuta mwaka 1331. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja dhahabu na hariri walizovaa wanawake wa miji hii. Hata hivyo wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vito vichache mno vya dhahabu kwenye magofu ya Kilwa. Kule Mapungubwe, ng'ambo ya mto Limpopo, makaburi ya karne ya 13 yalitoa shanga za dhahabu na kifaru maarufu aliyefunikwa kwa mabati membamba ya dhahabu. Tofauti iko katika mazishi. Mwislamu huzikwa na sanda tu, na vito vyake hubaki kwa warithi. Warithi huvigawana, huviuza, au huvipeleka kwa sonara viyeyushwe upya. Inawezekana kabisa kwamba dhahabu iliyovaliwa Kilwa ilipita kutoka kito hadi kito kwa vizazi vingi, kila safari ikilipiwa ujira mpya.

Sarafu na kito vilikuwa ndugu wa karibu. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, mali ya mtu wa karne ya 11 hivi ambaye hakurudi kuichukua. Katika karne ya 19 nafasi ya sarafu hizo za fedha ilishikwa na riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa na tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Iliyobaki ni shaba, ambayo huipa fedha ugumu wa kustahimili kuvaliwa. Kwa sonara ilikuwa malighafi isiyohitaji kujaribiwa. Rupia ya Bara Hindi nayo ilikuwa na uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, kwa hiyo pesa ya sokoni iliweza kuwa jiwe la mizani. Neno sonara lenyewe limetoka huko huko, ambako sona ni dhahabu, na wengi wa mafundi wa Unguja na Mombasa walikuwa na asili ya Kachi na Gujarati, wakifuatiwa na Wasinhala wa Ceylon. Lamu ilikuwa na wafua fedha wake wenyewe, na kwao baba alimrithisha mwana kazi pamoja na nyundo.

Mahitaji yalikuwa mengi na ya aina nyingi: mitali na furungu za miguuni, timbi na kekee za mikononi, kidani cha kifuani, kipini cha puani, majasi ya masikioni. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi mtoto wa kike wa jumba la Unguja alivyotobolewa matundu sita katika kila sikio angali mchanga, ili baadaye avishwe pete nzito za dhahabu. Majasi yanaonyesha kwa nini vito hivi havikuweza kutengenezwa kwa kukisia. Ndewe, yaani tundu la sikio, lilipanuliwa kidogo kidogo kwa miaka, na upana wake ulitofautiana kwa kila mwanamke. Jasi lililomkaa mmoja lingemdondoka mwingine. Bangili isiyo na kiungo ilipaswa kupita kwenye vifundo vya vidole kwa shida kidogo na kutulia kwenye kifundo cha mkono bila kutoka. Fundi alipima mwili, akafua kwa kipimo hicho, na kipande hicho hakikuwa na mnunuzi wa pili.

Kazi yenyewe ilikula muda hatua kwa hatua. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962 za Selsiasi na dhahabu kwa 1,064. Fundi wa mvukuto hakuwa na kipimajoto, alisoma rangi ya moto na mng'ao wa madini. Akishayeyusha alisubu kijiti kwenye kalibu, kisha akakifua juu ya fuawe. Madini yanayopigwa nyundo huwa magumu na hatimaye hupasuka, kwa hiyo kila baada ya mapigo kadhaa yalirudishwa motoni yalainike, yakapozwa, yakapigwa tena. Ili kupata uzi, kijiti kilichongwa ncha na kuvutwa kwenye chamburo, kibamba cha chuma chenye matundu yanayozidi kuwa madogo, tundu baada ya tundu, na kati ya matundu machache moto tena. Mkufu uliosukwa ulihitaji mamia ya vipete vilivyokatwa kutoka kwenye uzi huo, kila kimoja kikipindwa na kuunganishwa peke yake.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye lehemu. Lehemu ya sonara ni madini yaleyale yaliyochanganywa ili yayeyuke mapema kidogo kuliko kito. Nafasi kati ya viwango hivyo viwili vya joto ni ndogo. Pumzi chache za ziada kwenye mrija wa kupulizia moto, na nakshi ya nyuzi iliyochukua siku tatu hugeuka tone. Fundi alibeba hasara hiyo mwenyewe, na ujira ulilazimika kuifidia. Vivyo hivyo vumbi la tupa: sonara alifagia sakafu ya karakana, akayachoma mavumbi na kuyayeyusha ili kurudisha chembe zilizopotea, na bado kiasi fulani hakikurudi. Watu waliomwona akikusanya taka zake walimdhania bahili. Ilikuwa sehemu ya hesabu ya kazi.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imeanza kupita njia nyingine. Pforzheim, kusini mwa Ujerumani, ilipata kiwanda chake cha kwanza cha saa na vito mwaka 1767, na Birmingham ya Uingereza ikawa mji wa mashine za kupiga chapa. Siri ya viwanda hivi ilikuwa kalibu ya chuma cha pua. Mchongaji aliweza kutumia majuma kuichonga, na gharama yake ilikuwa kubwa, lakini ikishakamilika mashine ilipiga kwayo maelfu ya vipande vya bati la dhahabu, kila kimoja kwa pigo moja. Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kuchovya kwa umeme, na shaba ikaweza kuvaa ngozi nyembamba ya fedha au dhahabu. Mwaka 1854 sheria ya Uingereza iliruhusu dhahabu ya karati 9, ambayo zaidi kidogo ya theluthi moja tu ndiyo dhahabu halisi, wakati mteja wa Unguja alizoea karati 22. Katika miaka ya 1930 na 1940 mbinu ya kusubu kwa nta, iliyokwisha kutumiwa na madaktari wa meno, iliunganishwa na kalibu za mpira, na hata umbo la mviringo lenye nakshi likaweza kurudiwa mara mia.

Kalibu ndiyo inayotenganisha bei ya kito cha mkono na ya kile cha kiwandani. Gharama yake ikigawanywa kwa pete 5,000 hubaki kidogo mno. Ikigawanywa kwa pete moja huzidi thamani ya pete. Kwa kito cha mtu mmoja hakuna njia ya kuepuka mkono, na mkono hauna mtu wa kugawana naye gharama.

Bei ya dhahabu nayo ilibadili uwiano. Kuanzia 1934 hadi 1971 wakia ilifungwa kwenye dola 35 za Marekani. Januari 1980 ilifika 850. Dhahabu ilipopanda, mashine zilipata faida ya pili: ziliweza kutengeneza mikufu yenye uwazi ndani na bati jembamba kuliko nyundo inavyoweza kufua bila kutoboa. Katika fedha hali ni kinyume: madini ni rahisi, na sehemu kubwa ya bei ya kito chenye nakshi ni ujira. Ndiyo maana wafua fedha walitangulia kuumia. Unguja ilipoteza wengi wa masonara wake wenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni baada ya Mapinduzi ya 1964, na karakana zilizobaki pwani zikakuta madirisha ya maduka yamejaa mikufu ya mashine kutoka nje.

Leo duka la sonara huweka vyote viwili pamoja. Mkufu wa Dubai hupimwa kwa gramu na kuongezwa ujira mdogo. Kito cha oda hutozwa ujira mkubwa, hata kama siku hizi umbo lake la nta huchorwa kwa kompyuta kabla ya mkono kumalizia, kupachika jiwe na kung'arisha. Mteja anaporudi kukiuza, mizani hutenda kama ilivyotenda zamani: dhahabu hulipwa kwa uzito, lehemu hukatwa, na ujira haurudishwi, uwe mkubwa au mdogo. Wanaoulipia mara ya pili ni wale wanaotafuta majasi na timbi za kale za Lamu kwa ajili ya kuzihifadhi, ambao hununua kazi na kuichukulia fedha kuwa ziada.