Patrick na Mashujaa wa Kale: Visasili vya Kikelti Vilivyoingia Katika Riwaya ya Kihistoria

Visasili vya Wakelti wa Ayalandi havikuandikwa na watu walioabudu miungu inayotajwa humo. Viliandikwa na watawa wa Kikristo. Kabla yao kulikuwa na tabaka la washairi walioitwa filidi, waliohifadhi kwa kichwa nasaba za wafalme, sheria na hekaya. Hati ya ogamu waliyokuwa nayo Waayalandi ilitumika hasa kuchonga majina kwenye mawe. Ukristo ulipoingia katika karne ya 5 ulileta herufi za Kilatini na vitabu vya ngozi ya ndama, na baada ya karne chache monasteri zikawa ghala la kumbukumbu za kisiwa kizima. Riwaya za leo zinazowakutanisha miungu na watakatifu zimechipuka kwenye ghala hilo.

Mfano wa mwanzo ni Mtakatifu Patrick. Maandishi yake mwenyewe mawili yamesalia. Katika moja anaeleza alivyotekwa nyara nyumbani kwao Britania akiwa na umri wa miaka 16 hivi, akawa mtumwa mchungaji huko Ayalandi kwa miaka 6, akatoroka, kisha akarudi akiwa askofu. Humo hamna pambano la miujiza. Karne mbili baadaye, kasisi Muirchú aliandika wasifu wake na kutia tukio kubwa: Patrick anawasha moto wa Pasaka katika kilima cha Slane, usiku ambao mfalme Lóegaire wa Tara amekataza moto wowote kuwaka kabla ya wake. Madruidi, yaani makuhani wa dini ya jadi, wanashindana naye kwa miujiza na kushindwa. Muirchú aliifananisha Tara na Babeli, na mfalme na Nebukadneza. Mtu wa kweli, mahali pa kweli na tukio la kubuni lililochongwa kwa mfano wa Biblia: hizo ndizo nguzo za riwaya ya kihistoria, karne nyingi kabla haijapata jina.

Hali ya Brigid ni ngumu zaidi kuipambanua. Kamusi ya Cormac, iliyotungwa karibu mwaka 900, inamtaja mungu wa kike Brigit, binti wa mungu Dagda, aliyetukuzwa na washairi. Mtakatifu Brigid wa Kildare ana jina hilohilo, na sikukuu yake, Februari 1, inaangukia siku ya Imbolc, sherehe ya kale ya kuanza kwa majira ya kuchipua. Mwishoni mwa karne ya 12, Gerald wa Wales alieleza habari za moto wa Kildare ambao watawa wa kike waliulinda usizimike. Baadhi ya wanahistoria wanamwona mtakatifu huyu kuwa mungu aliyebatizwa. Wengine wanasema ni mwanzilishi halisi wa monasteri aliyevikwa sifa za mungu.

Watawa walikuwa na mbinu tatu za kuunganisha imani yao na urithi wa mababu. Ya kwanza ilikuwa nasaba. Lebor Gabála Érenn, kitabu cha karne ya 11 kuhusu mataifa yaliyoingia Ayalandi, kinaanza na uumbaji wa dunia, kinamleta kisiwani Cessair, mjukuu wa Nuhu, na kuwapitisha mababu wa Waayalandi kwenye Mnara wa Babeli. Tuatha Dé Danann, waliokuwa miungu, wanakuwa kabila moja kati ya makabila yaliyotawala na kupita.

Mbinu ya pili ilikuwa kalenda. Mfalme Conchobar wa Ulster, katika kisa cha kifo chake, anaishi miaka mingi na risasi ya kombeo iliyonasa kichwani. Anapopata habari kwamba Kristo amesulubiwa, anawaka hasira kwa ajili ya mtu huyo asiye na hatia, risasi inachomoka, naye anakufa. Damu yake inahesabiwa kuwa ubatizo. Hivyo mpagani akapata mlango wa kuingia mbinguni bila mtu yeyote kuigusa tarehe ya enzi yake.

Mbinu ya tatu, iliyozaa matunda zaidi, ilikuwa kuwakutanisha ana kwa ana. Katika kisa kimoja, Patrick anamwita shujaa wa kale Cú Chulainn kutoka kwa wafu ili amshawishi Lóegaire aamini. Acallam na Senórach, utungo wa karibu mwaka 1200, unamkutanisha Patrick na Caílte, mpiganaji mzee wa kikosi cha shujaa Fionn aliyeishi kupita wenzake. Caílte anamtembeza nchini, akimweleza kisa cha kila kilima na kila chemchemi. Patrick anaingiwa na wasiwasi kwamba hadithi zinampotezea muda wa sala, lakini malaika wanamwamuru azisikilize na aziandikishe. Mtunzi alikuwa akiitetea kazi yake mwenyewe kwa kinywa cha malaika.

Si wote waliotulizwa na hoja hiyo. Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, kina utenzi wa Táin, vita vya kugombea fahali wa Cooley. Mwishoni mwake kuna baraka kwa atakayeuhifadhi utungo huo bila kuubadili. Baada ya baraka hiyo, iliyo katika Kiayalandi, limeongezwa dokezo la Kilatini: mwandishi hasadiki mambo hayo, kwa kuwa mengine ni hila za mashetani, mengine ni ubunifu wa washairi, na mengine ni ya kuwafurahisha wapumbavu. Pamoja na hayo yote, utungo mzima umenakiliwa.

Katika Britania mchanganyiko huo ulimzunguka Arthur. Historia Brittonum, ya karibu mwaka 830, inasema alikwenda vitani akiwa amebeba sanamu ya Bikira Maria. Katika hekaya ya Culhwch na Olwen, anamwinda nguruwe mwitu Twrch Trwyth, ambaye ni mfalme aliyegeuzwa na Mungu kwa sababu ya dhambi zake. Mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes, katika miaka ya 1180, ndiye aliyeleta graali, chombo cha ajabu ndani ya ngome ya mfalme majeruhi. Karibu mwaka 1200 Robert de Boron alikifanya kuwa chombo cha Karamu ya Mwisho, ambamo Yusufu wa Arimathaya alikinga damu ya Kristo. Mtaalamu Roger Sherman Loomis alitafuta asili yake katika masufuria ya uchawi ya Wakelti, kama lile la hekaya za Wales ziitwazo Mabinogi linalofufua askari waliokufa lakini likiwaacha bubu. Wengine wanaona chimbuko lake ni Ekaristi tu.

Waandishi wa karne ya 20 waliurithi mkusanyiko huu, kila mmoja akachukua upande. Rosemary Sutcliff, katika Sword at Sunset (1963), alimwondolea Arthur uchawi na kumfanya kamanda wa vita baada ya Warumi kuondoka. Marion Zimmer Bradley, katika The Mists of Avalon (1983), aliwapa usemi makuhani wa kike wanaosukumwa kando na Kanisa. Hata hivyo, mwishoni mhusika mkuu, kuhani Morgaine, anamtambua mungu wake katika sanamu ya Brigid kanisani. Stephen Lawhead, kuanzia Taliesin (1987), aligeuza mizani: washairi wa Kikelti wanaitafuta kweli na kuikuta kwa Kristo. Peter Tremayne alianza riwaya zake za Dada Fidelma mwaka 1994 kwa mkutano wa Whitby wa mwaka 664, uliobishania tarehe ya Pasaka.

Historia inazipinga riwaya hizi mahali pawili. Madruidi hawakuacha vitabu, na ibada nyingi zinazohusishwa nao zilibuniwa baadaye sana. Kwa mfano, mshairi Iolo Morganwg aliendesha Gorsedd, sherehe aliyoibuni mwenyewe, jijini London mwaka 1792. Vilevile, hakukuwa na Kanisa moja la Kikelti lililojitenga na Roma. Tofauti zilihusu tarehe ya Pasaka, mtindo wa kunyoa nywele na taratibu nyinginezo, si msingi wa imani.

Aliyekaribia zaidi hali ya vyanzo ni Bernard Cornwell katika The Winter King (1995). Msimulizi wake, Derfel, ni mpiganaji wa Arthur aliyezeeka na kuwa mtawa. Anaandika kisa cha zama za miungu kwa siri, akimdanganya askofu wake kwamba anatafsiri Injili kwa lugha ya Wasaksoni. Kisa hicho ni cha kubuni, ila mtawa anayeandika asichopaswa kukisadiki si wa kubuni: dokezo la mwenzake wa Leinster bado lipo kwenye ngozi huko Dublin, na juu yake uko utungo mzima alioukana.