Mizani na Mgongo wa Mchukuzi

Zama za misafara, kabla reli ya Mombasa haijafika Ziwa Victoria mwaka 1901, shehena zilizopandishwa bara kwa njia ya Naivasha zilisafiri kichwani au begani mwa wapagazi. Na ijapokuwa kazi ile ilijaa dhuluma, mzigo ulipimwa kwanza, aghalabu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kwa kuwa wenye msafara walijua kwamba aliyezidishiwa hafiki.

Huku Sachangwan, katika nyanda za baridi za Molo, ambako viazi vilivyoletwa na walowezi vimekuwa riziki ya watu, insafu hiyo ilipotea. Kanuni za mwaka 2005 ziliruhusu gunia la kilo 110, nayo lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa wavu mdomoni mfano wa kilemba, ikapita hapo. Mpakiaji huinama, wenziwe wawili wakamtwika, naye akapanda ubao wa lori hatua kwa hatua, magoti yakimtetemeka.

Uzito huo hugandamiza kiuno, na baina ya pingili zake pana diski, ambayo kwa mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya kutoka mfupani kupitia bamba jembamba la gegedu na mfupa liifunikalo juu na chini. Uti wa mgongo ukigandamizwa kupita kiasi, bamba hilo aghalabu ndilo litanguliapo kuvunjika. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston walieleza jinsi diski itokezavyo na kubana neva. Mwaka 1988 Modic na wenzake wakapambanua, kwa picha za MRI, mabadiliko ya uboho kandokando ya bamba. Na mwaka 2013 Rajasekaran na wenzake, huko India, wakaona kwamba katika wagonjwa 117 kati ya 181 diski ilitokeza pale bamba liliposhindwa. Nasaba na umri navyo vina sehemu yao, wala si kila maumivu ya kiuno ni ya gunia. Lakini hakuna tabibu atakayeusifu mzigo unaomzidi mchukuzi mwenyewe.

Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kikomo cha kilo 55 kwa mwanamume, na kanuni za Kenya za mwaka 2019 zikaamuru gunia la viazi lisizidi kilo 50. Sheria hiyo husifiwa kwa kumwokoa mkulima na bei ya hila, na ni kweli. Ila mchukuzi naye ana haki katika mizani ile ile. Basi gunia na likaguliwe shambani, kabla halijainuliwa, wala si kizuizini barabarani, lilipokwisha kupita mgongoni mwa mtu.