Akiba Haiozi: Habari za Kisiwa cha Apo na Bahari Yake

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sisi walimu tumezoea kuifundisha methali hii kwa mifano ya nafaka ghalani na fedha katika benki. Ni mara chache tunaulizwa na wanafunzi kama mtu aweza kuweka akiba baharini, mahali ambapo samaki hana alama ya mwenyewe, na ambapo asiyevuliwa leo na huyu huvuliwa kesho na yule. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kijiji kimoja cha kisiwani kilichojaribu jambo hilo, kikafaulu, na kisha kikakutana na swali gumu zaidi: akiba ikishanona, ni nani mwenye ufunguo wa ghala?

Kisiwa chenyewe chaitwa Apo. Kiko katika nchi ya Ufilipino, karibu na ncha ya kusini ya kisiwa kikubwa cha Negros, nacho ni sehemu ya wilaya ndogo ya Dauin. Ni kisiwa kidogo mno, kwani ukubwa wake haufiki hata kilomita moja ya mraba, na wakazi wake ni watu mia kadhaa tu. Ardhi yake ni ya mawe na miinuko, na mashamba ni haba. Kwa hiyo tangu zamani watu wa Apo wamekula kutoka baharini, wakivua kwa mishipi, kwa madema ya mianzi na kwa nyavu, katika miamba ya matumbawe inayokizunguka kisiwa chao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili uvuvi wa nchi ile uliharibika. Wavuvi walijifunza kutumia baruti, ambayo huua samaki mkubwa na mdogo pamoja na kuyavunja matumbawe wanamozalia. Wengine walimwaga sumu ya sayanidi, na wengine walitumia nyavu zenye matundu madogo mno. Tena kulikuwako uvuvi ulioitwa muro-ami, ambao asili yake ni Ujapani. Katika uvuvi huo waogeleaji wengi hupigapiga matumbawe kwa mawe yaliyofungwa kambani ili kuwafukuza samaki waingie wavuni. Kila mbinu iliongeza mapato ya siku moja na kupunguza ya miaka iliyofuata. Mvuvi wa Apo alilazimika kwenda mbali zaidi na kwao ili apate kile ambacho baba yake alikipata karibu na pwani.

Katika mji wa Dumaguete, ng'ambo ya kisiwa hicho, kipo Chuo Kikuu cha Silliman, na hapo alifundisha mtaalamu wa elimu ya viumbe, Angel Alcala. Mwaka 1974 Alcala na wenzake walifanikiwa kutenga sehemu ya miamba ya kisiwa kingine, Sumilon, isivuliwe kabisa. Rai yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Samaki akiachwa akue atataga mayai mengi zaidi, na wakijaa mahali palipotengwa, baadhi yao watatoka nje ya mpaka na kuingia katika mitego ya wavuvi.

Lakini rai nyepesi kueleweka si lazima iwe nyepesi kukubaliwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na twaweza kufikiri jinsi maneno hayo yalivyosikika masikioni mwa mtu ambaye chakula cha watoto wake kilikuwa katika mwamba uleule alioambiwa auache. Yafaa tukumbuke kwamba wataalamu wa Silliman hawakuja na askari wala sheria. Walikuja kuzungumza, na mazungumzo yalichukua miaka. Baadhi ya wavuvi walipelekwa Sumilon wakajionea kwa macho yao wingi wa samaki. Hatimaye, mwaka 1982, familia 14 zilikubali kutenga kipande cha bahari upande wa kusini-mashariki, chenye urefu wa mita 450 hivi ufukweni, yaani kama sehemu moja kwa kumi ya miamba yote. Mahali penyewe palikuwa karibu na kijiji, hata mlinzi mmoja aliyekaa ufukweni aliweza kupaona pote. Zile familia zilipokezana zamu.

Wengine walipoona samaki wakiongezeka walijiunga nao. Mwaka 1985 eneo hilo lilithibitishwa na mamlaka ya Dauin. Wanakijiji walikubaliana pia juu ya bahari iliyobaki: baruti, sumu, muro-ami na nyavu za matundu madogo vilipigwa marufuku, na wavuvi wa kutoka nje hawakuruhusiwa tena. Walinzi wa namna hii huitwa kwa lugha yao *bantay dagat*, maana yake walinzi wa bahari.

Matokeo yake yaliandikwa kwa uangalifu, kwa sababu Alcala na Garry Russ, mtaalamu kutoka Australia, waliwahesabu samaki wa Apo kwa miaka mingi. Chewa, changu na wenzao wakubwa waliongezeka polepole. Puju na kolekole, ambao jamii zao ni sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi wa Apo, uzito wao ndani ya eneo lililotengwa uliongezeka takriban mara 3 kati ya mwaka 1983 na mwaka 2001. Mvuvi hakuhitaji tena kwenda mbali. Tunasisitiza neno polepole, kwa maana hapa hapakuwa na muujiza: aliyeanza kulinda akiwa kijana aliyaona matunda kamili akiwa mtu mzima.

Wakati huohuo Sumilon ilitoa funzo la kinyume. Mwaka 1984 ulinzi wake ulivunjika kwa sababu za kisiasa, na wavuvi wakaingia kwa kila namna ya zana. Ungetazamia kwamba mavuno yangeongezeka, kwa kuwa sasa mwamba wote ulikuwa wazi. Sivyo ilivyokuwa. Katika muda wa miaka 2 mavuno yalipungua karibu nusu. Visiwa hivyo viwili vilitofautiana hasa katika jambo hili: Sumilon haikuwa na kijiji kilichouhesabu ulinzi ule kuwa ni wake, ilhali Apo ilikuwa nacho.

Sasa tufikie lile swali la ufunguo. Sifa za Apo zilienea, na watalii wakaja kupiga mbizi na kulipa ada. Mwaka 1994, wakati Alcala mwenyewe alipokuwa waziri wa mazingira, kisiwa kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi la taifa. Baadaye usimamizi ulipita mikononi mwa halmashauri yenye wajumbe wengi kutoka nje ya kisiwa. Fedha za ada zilianza kwenda kwanza katika hazina ya serikali, ndipo sehemu yake kubwa irudi, na mara nyingi ilichelewa. Wavuvi waliona kwamba sauti yao imekuwa ndogo katika jambo walilolianzisha wenyewe. Hatusemi kwamba serikali haikuwa na kazi hapo, kwani kijiji peke yake hakiwezi kumzuia mwenye jahazi kubwa lenye mitambo. Tunachosema ni kwamba mtu hulinda kwa moyo kile ambacho neno lake lingali na uzito juu yake.

Tena haifai kuficha kwamba ulinzi una mipaka yake. Desemba 2011 na Desemba 2012 tufani mbili kubwa zilipiga upande uleule wa kusini-mashariki na kuyavunjavunja matumbawe yaliyolindwa kwa miaka 30. Zamu ya mlinzi humzuia mvuvi, haizuii mawimbi. Hata hivyo, mwamba ambao haukupigwa baruti una nafasi bora ya kuota tena.

Wasomaji wetu wengi wanaishi mbali na bahari, lakini hawaishi mbali na maji. Mwaka 2024 Tanzania, kwa mapatano na nchi jirani, ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Pwani nako watu wamelijua neno *kutenga*, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1994 imetupa msamiati wa *hifadhi za bahari* na *maeneo tengefu*. Ni maneno mazuri, nasi twayafundisha. Lakini mwalimu akiyaandika ubaoni, na awaulize wanafunzi wake swali moja zaidi la sarufi: *kimetengwa*, naam, ila na nani? Kitenzi cha kutendwa hupenda kumficha mtenda. Katika kisiwa cha Apo watenda walijulikana, nao walikuwa familia 14 zilizokaa ufukweni kwa zamu, zikiitazama bahari yao.

Akiba haiozi, ni kweli. Lakini hudumu pale tu ambapo waliojinyima ili iwepo wanaulizwa pia namna ya kuitumia.