Afya kwa Simu

Afya kwa simu ni utoaji, ufuatiliaji au ukumbushaji wa huduma za afya kupitia simu ya mkononi. Kwa Kiingereza ni mHealth. Wapo wanaosema "afya ya simu", lakini a-unganifu hapo inapotosha: afya ya simu ni habari ya betri na kioo. Kihusishi "kwa" hutaja chombo, nacho ndicho kinachokusudiwa. Wengine husema "apu ya afya". Hiyo ni sehemu tu ya dhana, maana apu hutaka simu janja na bando, ilhali arafa huingia hata kwenye simu ya kabambe ya mvuvi.

Chulaimbo, katika Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, watu wenye VVU walioanza ARV karibuni walifuatiliwa kwa wiki 48. Matokeo yalichapishwa 2011: kati ya waliotumiwa arafa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao, kati ya wasiotumiwa, asilimia 40. Arafa za kila siku hazikusaidia. Lakini katika utafiti wa Nyanza uliochapishwa 2012, wanaume waliotoka kutahiriwa ili kupunguza hatari ya VVU walitumiwa arafa kila siku kwa juma moja. Takriban asilimia 65 walirudi kliniki kukaguliwa, dhidi ya 60 ya wenzao wasiotumiwa. Kwa juma moja ukumbusho wa kila siku huvumilika. Kwa mwaka mzima yaelekea huchosha.

Maneno ya arafa nayo yana uzito. Katika utafiti wa Nairobi na Kajiado uliochapishwa 2010, arafa ya kila wiki kwa watumiaji wa ARV ilikuwa "Mambo?" tu. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu Shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa na mhudumu wa afya. Mwingine akiishika simu hiyo, hagundui lolote. Siri hiyo ni muhimu zaidi kwenye kinga: PrEP, dawa ya kuzuia kuambukizwa VVU, ilianza kusambazwa nchini 2017. Anayeimeza kwenye fuo za Ziwa Victoria kama Dunga au Usenge hana VVU, lakini arafa inayotaja dawa yaweza kumzulia maneno ufuoni.

Basi mradi wa arafa tupu unastahili kuitwa afya kwa simu. Apu isiyo na mtu wa kupiga simu "Shida" inapoingia, hata ipendeze vipi, bado ni programu tu.