Matembezi Katika Kanisa Kuu la Córdoba

Katika mji wa Córdoba, kusini mwa Hispania, pana kanisa kuu la Wakatoliki ambalo mgeni hulifikia kwa kupita ua wa michungwa. Zamani watu walitawadha katika ua huo. Kiongozi wa wageni huwakusanya watu wake hapo, huwahesabu, kisha huwaingiza ndani. Na macho yao yakisha kuzoea kiza, hujiona wamesimama katika msitu wa nguzo. Zimesalia 856. Juu yake pana matao ya tabaka mbili, moja juu ya jingine, yaliyopangwa kwa zamu matofali mekundu na mawe meupe. Altare kuu haionekani hapo, na aghalabu mtu huuliza kanisa liko wapi.

Swali hilo lina jibu refu, na kiongozi ana saa moja tu.

Si mbali na mlango pana uwazi sakafuni, na chini yake huonekana sakafu ya kale ya vijiwe vya rangi. Kiongozi asimamaye hapo kwanza husema kwamba palikuwa na kanisa la Mtakatifu Visenti kabla ya msikiti. Mapokeo hayo ni ya zamani, na waandishi wa Kiarabu wenyewe waliyataja. Walakini wataalamu wa mambo ya kale hawakubaliani hata leo kama mabaki yaliyofukuliwa katika miaka ya 1930 ni ya kanisa hasa au ya majengo mengine. Mahali pa kuanzia hadithi si jambo dogo. Aanzaye shimoni husimulia habari za Wakristo waliorudishiwa mali yao. Aanzaye kwenye matao husimulia habari za Waislamu walionyang'anywa yao.

Lisilo na ubishi ni kwamba Abdulrahman wa Kwanza, wa ukoo wa Umayya, aliyeponea mauaji ya jamaa zake huko Shamu, alianza kujenga msikiti katika miaka ya 780. Mafundi wake walitumia nguzo zilizotolewa katika majengo ya Kirumi na ya Wagothi. Na kwa kuwa zilikuwa fupi, waliinua dari kwa kuweka tao juu ya tao. Uzuri unaosifiwa ulimwenguni kote ulizaliwa na upungufu wa vifaa. Al-Hakam wa Pili, aliyepanua jengo katika miaka ya 960, alijenga mihrabu ambayo si kishubaka bali chumba kidogo, na uso wake ukapambwa kwa vijiwe vya kioo na dhahabu vilivyotoka Konstantinopoli. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea mihrabu ya kaskazini, hustaajabu kuona kwamba hii imeelekea karibu na kusini, hali Makka iko upande wa mashariki. Al-Mansur alipanua kwa mara ya mwisho kuanzia mwaka 987, naye alikuwa na haraka: katika sehemu yake wekundu wa matao ni rangi iliyopakwa juu ya mawe.

Mfalme Fernando wa Tatu alipoutwaa mji mwaka 1236, msikiti ulitabarukiwa kuwa kanisa. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walisali humo bila kubomoa sana. Walijenga vikanisa vidogo kandokando ya kuta, na Kikanisa cha Kifalme, kilichomalizika mwaka 1371, kilipambwa kwa chokaa iliyonakshiwa kwa mtindo uleule wa Kiislamu. Mfalme Mkristo aliuona mtindo huo kuwa unamfaa.

Baadaye kiongozi hufika katikati ya jengo, na ghafula dari hupaa juu, jeupe, lenye mwanga mwingi. Hapa ndipo kanisa lilipo. Wageni huonyeshwa viti vya wanakwaya vya mbao za mahogani, kazi ya Pedro Duque Cornejo ya karne ya 18, na kwa hakika vinastahili kutazamwa. Lakini jambo lililo kubwa kuliko viti hutajwa kwa sentensi moja, au halitajwi kabisa.

Mwaka 1523 Askofu Alonso Manrique alitaka kubomoa sehemu ya katikati ili ajenge kanisa refu la kisasa. Baraza la mji lilikataa. Mwezi wa Mei lilitangaza kwamba fundi yeyote atakayeshiriki katika ubomoaji kabla mfalme hajaamua atauawa. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi itakayovunjwa haiwezi kufanywa tena kwa ubora ule. Waliosema hayo hawakuwa Waislamu. Waislamu wa Castilla walikwisha kulazimishwa kubatizwa au kuhama tangu mwaka 1502. Walikuwa Wakristo wa Córdoba, wakipingana na askofu wao kwa ajili ya jengo ambalo wazee wa wazee wao waliliteka. Mfalme Carlos aliamua kwa upande wa askofu, na kazi ikaanza chini ya Hernán Ruiz. Inasimuliwa kwamba mfalme alipokuja kuona alijuta. Kisa hiki hupendwa sana na viongozi, ingawa wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Tangazo la baraza halina shaka, nalo lilihitaji ujasiri zaidi kuliko majuto.

Husemwa pia kwamba kanisa ndilo lililouokoa msikiti. Neno hilo lina ukweli mwingi. Huko Sevilla msikiti mkuu ulibomolewa katika karne ya 15, ukabaki ua na mnara tu.

Ugomvi haujaisha. Mwaka 2006 dayosisi iliandikisha jengo kwa jina lake. Kwa miaka kadhaa karatasi wanazopewa wageni ziliandikwa Kanisa Kuu tu, hata malalamiko yakazidi, na mwaka 2016 jina la Msikiti likarudishwa. Misa husomwa humo. Sala ya Kiislamu hairuhusiwi.

Matembezi humalizika uani, chini ya mnara wa kengele. Ndani ya kuta zake umefichwa mnara wa muadhini uliojengwa na Abdulrahman wa Tatu katika karne ya 10, na apandaye ngazi huona sehemu za mawe yake. Atakaye kupanda hununua tikiti nyingine.