Mtoto mchanga na baridi ya kusi: avae nini?

Kusi likivuma, kati ya Juni na Agosti, naulizwa suali moja na kila mzazi aliye kwenye arobaini: mtoto nimvishe nini na baridi hii? Nimelea watoto wanne wangu, na wazazi niliowasimamia majumbani mwao ni wengi. Jibu langu ni fupi. Mvishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, kisha mguse kifua. Yaliyobaki ni maelezo yake.

Tuanze na baridi yenyewe. Mombasa mwezi wa Julai, usiku hushuka hadi nyuzi 21 hivi na mchana hupanda hadi 27. Kwa mtu mzima hiyo ni raha. Lakini mtoto ametoka tumboni, kwenye joto la nyuzi 37 usiku na mchana. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na hajui kutetemeka ili ajipashe moto kama sisi. Ana mafuta maalumu shingoni na mgongoni ambayo mwili huyachoma kupata joto, nayo ni machache. Aliyezaliwa njiti, au na uzito chini ya kilo 2.5, anayo machache zaidi.

Upande wa pili husahaulika. Mtoto huyo huyo hajui kutoa jasho vizuri. Ukimfunika sana, joto humpanda, nyumba nzima ikadhani ana homa. Tena kulala kwenye joto jingi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Hapa kwetu, mlango ukishafungwa na wageni wamejaa, hatari hii i karibu kuliko baridi.

Nguo zenyewe

Mchana, ndani ya nyumba, inatosha nepi, fulana ya pamba, na nguo ya mikono mirefu inayofunika miguu. Juu yake leso moja. Chagua leso kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Ni laini na inapitisha hewa, ilhali mpya ina wanga na inakwaruza. Blanketi la manyoya la nailoni liache kwa wakubwa.

Nepi ikunjwe chini ya kitovu, kitovu kipate hewa kikauke. Ukimfunga kwa leso, miguu iwe na nafasi ya kukunjika, usiinyooshe ukaibana. Nyonga zake bado ni changa. Akikojoa, mbadilishe papo hapo. Nguo mbichi humpoza mtoto kuliko nguo chache.

Kofia na soksi ni za siku za mwanzo, za baada ya kuoga, na za kutoka nje kwenye upepo. Akishapata joto na amelala ndani, ivue kofia, isije ikateremka usoni. Kama hospitali imekwambia mtoto mdogo asivuliwe kofia, fuata la hospitali.

Usiku alale chali, uso wazi, bila mto na bila mablanketi ya kujilundika. Feni isimpige moja kwa moja.

Kuoga kwa mara ya kwanza kungoje angalau saa 24 tangu kuzaliwa. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Baadaye muogeshe mchana, mlango umefungwa na kitambaa kikavu kiko tayari. Anza kumkausha kichwa.

Mkono wako ndio kipimo

Mikono na miguu ya mchanga huwa baridi hata akiwa hana neno, kwa hiyo usihukumu kwa hiyo. Tia mkono kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa vuguvugu na pakavu, basi yuko sawa. Pakiwa pamoto au pana jasho, punguza nguo moja. Pakiwa pabaridi, mvue, muweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, jifunikeni leso, mnyonyeshe. Ukiwa na kipimajoto, kwapani isome kati ya 36.5 na 37.5.

Mzazi mchanga hupata taabu wageni wanapoingia na kila mmoja akaongeza shuka. Usibishane na wakubwa. Sema kwa adabu, "Bibi, hebu mguse kifuani," naye bibi atayatoa mashuka mwenyewe.

Moto na sandukuni

Jiko la makaa lisiwekwe kabisa kwenye chumba cha mzazi ili kupasha joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mama na mtoto wanaweza kulala wasiamke. Ukitaka kufukiza udi au ubani, mtoe mtoto, fukiza, fungua madirisha, toa chetezo, ndipo umrudishe.

Vidonge vya nondo navyo visikae na nguo za mtoto. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika sehemu za malaria kama Pwani yetu. Kwao, dawa iliyo ndani ya vidonge hivyo huharibu chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo. Nguo zilizolala navyo usimvishe. Za mtoto anayefuata zihifadhi safi, kavu, kwenye mfuko uliofungwa.

Mkipanda bara

Nairobi mwezi wa Julai, usiku hufika nyuzi 12 hivi. Hapo ongeza sweta, soksi, kofia na blanketi jepesi, na mtoto abebwe kifuani. Lakini mkiingia garini au kwenye chumba chenye joto, vueni vya juu. Wengi husahau hili.

Usingoje asubuhi

Ukishampunguza nguo na baada ya nusu saa bado kipimo kinasoma 37.5 au zaidi, mpeleke hospitali. Vilevile akiwa bado baridi baada ya saa nzima kifuani pako. Akikataa kunyonya, akilegea, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akipata degedege, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, ondoka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Njiani mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, na kitabu cha kliniki ukichukue.